Meza ya Fundi: Pete imelegea, au pembe imesinyaa?

SWALI: Fundi, salamu nyingi kutoka Calgary, Kanada. Shemeji yangu ni mwindaji, naye amenipa pembe mbili za ayala alizookota porini. Nimetengeneza kiko: bori (kikombe cha tumbaku) la mti wa brayari, shingo ya pembe, na pale shingo inapokutana na shilamu (kipande cha kuvutia mdomoni) nimevisha pete ya shaba ya njano. Mwezi wa saba pete iliingia kwa nguvu hata sikutia gundi. Januari ikawa inazunguka kama pete kidoleni mwa mgonjwa. Nimeibandika mara mbili, imebanduka. Jirani ananiambia baridi hubadilisha chuma. Ninunue pete ndogo zaidi?
Msomaji wa Calgary

JIBU: Pesa yako iweke mfukoni. Pete haina kosa, na jirani yako amemkamata asiyehusika. Hebu fikiri: kama baridi ndiyo iliyoibadilisha shaba, basi pete ingenywea, na pete iliyonywea hubana, hailegei. Tena kunywea kwenyewe ni kudogo mno. Pete ya shaba ya njano yenye kipenyo cha milimita 20, ikipoa kwa nyuzi 40, hupungua milimita 0.015 hivi. Hakuna kidole kinachoweza kuhisi tofauti hiyo.

Iliyosinyaa ni pembe. Nayo haikusinyaa kwa baridi, imesinyaa kwa ukavu. Ayala na jamaa zake wa nchi za kaskazini huotesha pembe mpya kila mwaka. Hukua chini ya ngozi laini yenye damu, kisha ngozi hukauka na kubanduka, na msimu wa kupandana ukishapita pembe huanguka zenyewe. Alichookota shemeji yako ni mfupa kamili: madini ya kalisi yaliyoshikwa pamoja na kolajeni. Hiyo kolajeni hunywa unyevu wa hewani na kuutoa tena, mwaka mzima, hata baada ya mnyama kusahau kwamba aliwahi kuwa na pembe hiyo. Huko kwenu hewa ya Januari haina maji, na mkiipasha joto ndani ya nyumba inazidi kuwa kavu. Unyevu wa sebuleni unaweza kushuka chini ya asilimia 20. Pembe ya unene wa milimita 20 iliyopimwa wakati wa kiangazi chenye mvua inaweza kupungua sehemu ya kumi ya milimita, na pengine zaidi. Linganisha na ile 0.015 ya shaba utaona nani wa kulaumiwa.

Kwa hiyo kazi ya kwanza si kuvisha pete, ni kungoja. Kata kipande cha pembe kikaribie kipimo unachotaka, ukiacha nyama kidogo ya kupunguza baadaye, kisha kiweke kwenye chumba kile kile kiko kitakamoishi. Kila wiki kipime kwa mizani ya jikoni inayoonyesha gramu. Uzito utashuka, utashuka, halafu utasimama. Ukikaa pale pale mwezi mzima, na mwezi wenyewe ukiwa wa kipupwe cha kwenu, hapo ndipo uchukue tupa. Mwenye haraka na angoje vilevile. Usikiweke kwenye oveni wala juu ya hita: ngozi ya nje hukauka kabla ya moyo, na kipande hupasuka kwa urefu.

Sasa mahali pa kukalisha pete. Pembe si ngumu kote. Nje ina ukuta mgumu, ndani ina moyo wa vitundu vitundu kama sifongo. Karibu na shina, pale ilipokuwa imeshikamana na fuvu, ukuta ni mnene. Kwenye ncha za matawi pembe inakaribia kuwa ngumu kote. Katikati ya tawi kubwa ndiko sifongo inakotawala. Wengi huharibu hapa. Pembe haijawahi kuwa duara, wao wana pete ya duara ya dukani, basi wanaikereza pembe mpaka ikubali. Wanapoona duara limepatikana, ukuta mgumu umekwisha na pete imekaa juu ya sifongo. Hapo hata gundi ya malaika haitashika.

Mimi ni wa shule ya kuifuata pembe. Nilijifunza kazi ya fedha kwa ami yangu Mji wa Kale, Mombasa, ambako bangili hutengenezwa kwa kufuata mkono wa bibi harusi, na nilipofika Bavaria, Ujerumani, nikakuta viko vya wawindaji vya kule vimefanywa kwa akili hiyo hiyo: pete ina kona na bonde pale pembe ilipo na kona na bonde. Hivi ndivyo ninavyofanya. Nakata pembe mahali pa kuungia, nachonga kidaraja cha kina cha milimita moja tu kuzunguka, kirefu kama upana wa pete. Kidaraja hicho nakiacha kiwe chembamba kidogo sana kuelekea mwisho, ili pete ikisukumwa ndani ndivyo inavyozidi kubana. Nazungushia ukanda wa karatasi, natia alama karatasi inapokutana, nafungua, nahamishia kipimo kwenye bati la shaba au la fedha la unene wa milimita 0.8. Nalikata refu kuliko karatasi kwa milimita mbili hivi, maana unene wa bati hula nafasi ya ndani, nalikunja, naliunga kwa lehemu ya fedha, kisha naligonga taratibu juu ya kigingi cha mti mpaka lipate umbo la pembe. Linapoingia theluthi mbili kwa mkono na theluthi ya mwisho linahitaji nyundo ya mti, limefika.

Gundi ipo, lakini si yeye anayeshika. Tumia epoksi ya sehemu mbili, ile inayochelewa kukauka, na uchore mistari myembamba kwenye kidaraja ili gundi ipate mahali pa kukaa. Kazi yake ni kujaza nafasi. Wa kuzuia pete isizunguke ni kipini: toboa tundu la milimita moja kupitia pete na kuingia kwenye ukuta mgumu, lisifike njia ya moshi, kisha pigilia waya wa shaba ile ile na uupige tupa usawa na pete. Ukimaliza kung'arisha hata wewe utakitafuta kipini usikione. Pembe ikisinyaa msimu ujao itateleza kwenye kipini nusu ya unywele, na pete itabaki pale pale.

Bado kuna jambo moja la ndani ya shingo, nitalieleza kwa msomaji wa Maskati hapa chini. Na wewe lisome, linakuhusu.

SWALI: Fundi, naweza kuunga pete kwa lehemu nikiwa nimeshaivisha kwenye pembe? Hivyo itabana vizuri zaidi.
Msomaji wa Mombasa

JIBU: La. Lehemu laini ya risasi na bati, ile ya mafundi redio, huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183, na lehemu ya fedha inataka zaidi ya nyuzi 600. Kolajeni haingoji huko kote. Utasikia harufu ya nywele zinazoungua, na pembe chini ya pete itakuwa unga. Unga pete kwanza, ioshe, ndipo uivishe. Na ukiwa umeisafisha kwa tindikali, iloweke kwenye maji yenye magadi soda kabla ya kuisogeza karibu na pembe, maana tindikali iliyojificha kwenye mshono itakula mfupa polepole.

SWALI: Asalaam aleikum, maalim. Mimi nipo Maskati. Hapa vijana wengi wanavuta tumbaku ya dokha kwa midwakhi, kile kiko kidogo kilichonyooka, na mimi nimeanza kuvitengeneza kwa pembe za ayala ninazoagiza. Bori nalikereza kutoka shaba ya njano, lina ulimi unaoingia ndani ya tundu la pembe. Natoboa tundu kwa kipimo kamili na kubandika kwa epoksi. Baada ya miezi michache vingine vinarudi vimepasuka kwa urefu, ufa unaanzia pale kwenye shaba. Je, ni joto la bori?
Msomaji wa Maskati

JIBU: Waaleikum salaam. Joto lina mkono wake, lakini chanzo ni kile kile cha Calgary, ila kwako kimegeuka. Kwake yeye chuma kiko nje na pembe iko ndani, kwa hiyo pembe ikisinyaa chuma kinalegea. Kwako chuma kiko ndani na pembe iko nje. Pembe inapotaka kusinyaa inakuta ulimi wa shaba umejaza tundu na hausogei hata kidogo. Itafanya nini? Itapasuka. Na usiniambie Maskati ni pwani, kuna unyevu. Nje upo, lakini vijana wako wanaishi kwenye viyoyozi, chumbani, garini, ofisini. Kiyoyozi kinakausha hewa, na pembe inayotolewa nje na kuingizwa ndani mara kadhaa kwa siku haipati kupumzika.

Tundu la kipimo kamili ndilo linalokuponza. Lipanue. Kwa ulimi wa milimita 7, tundu liwe 7.2 au 7.3. Nafasi iliyobaki usiijaze kwa epoksi, maana epoksi ikikauka ni jiwe, halafu zile epoksi za kawaida zinazokauka bila moto huanza kulainika kwenye nyuzi 60 hivi, joto ambalo bori la shaba hulipita bila shida. Yaani inakuwa ngumu pale unapotaka iwe laini, na laini pale unapotaka iwe ngumu. Wazee wa Ulaya walizungushia ulimi uzi uliopakwa nta ya nyuki. Uzi unabana, unakubali kuminywa pembe inaposinyaa, na ukichakaa mwenye kiko anaubadilisha mwenyewe. Kwa midwakhi nakushauri uzi wa pamba uliosokotwa kwa nguvu, ukiwa umechorea ulimi mifereji miwili mitatu ili uzi usihame. Kwa bori la moto sana weka nta kidogo tu, isije ikatiririka.

Halafu mdomo wa tundu uvishe pete ya nje. Nyembamba, milimita 3 za upana zinatosha. Pete hiyo haishiki kitu, inailinda pembe isifunguke pale ufa unapopenda kuanzia. Na kabla hujaingiza chochote vunja makali ya ukingo wa tundu kwa msasa. Ufa hupenda kona kali.

Kuhusu moto: dokha ni pumzi mbili tatu na bori limekwisha, kwa hiyo shaba haipati muda wa kuwaka sana. Ila mteja akijaza na kujaza tena, joto linashuka hadi kwenye pembe. Weka kola, sehemu nyembamba ya shaba kati ya bori na ulimi, ili moto usafiri njia ndefu zaidi.

Hivyo vilivyopasuka unaweza kuviokoa. Toa shaba. Weka pembe ndani ya kopo lenye kitambaa kibichi pembeni, isikiguse, kwa siku moja au mbili mpaka ufa ujifunge wenyewe. Tia supagluu nyepesi sana kwenye ufa, funga kwa uzi, acha. Kisha ipanue njia kama nilivyosema. Supagluu isifike ndani kwenye njia ya moshi, maana ikipata moto hutoa mvuke unaochoma macho na koo.

Na hapa ndipo ninapomrudia ndugu wa Calgary. Moshi wa tumbaku una maji. Ukipita kwenye moyo wa sifongo, sifongo inanywa maji, lami na harufu, na pembe inavimba kutoka ndani huku ikikauka kutoka nje. Kwa hiyo shingo ya pembe ya kiko cha kawaida ivishwe bomba ndani, la shaba nyekundu au la chuma kisichoshika kutu, la njia ya milimita 4 hivi, kutoka bori mpaka shilamu. Bomba hilo nalo ni chuma ndani ya pembe, basi lipewe nafasi kama ulimi wa midwakhi: lilegee kidogo njiani, libanwe kwa uzi kwenye ncha mbili tu.

Mimi mwenyewe sivuti, na daktari yeyote atakuambia nimefanya vyema. Vijana wako nao wangesikia hilo lisingewadhuru.

SWALI: Shikamoo fundi. Nipo Arusha, nataka kutengeneza viko vya kuuzia watalii. Pembe za ayala sina, lakini za ng'ombe ninazo, na kuna mtu anaweza kuniletea za tandala. Pete za shaba zitashika? Na bori nilifanye la nini?
Msomaji wa Arusha

JIBU: Marahaba. Tuanze na huyo mtu wa tandala: mwambie abaki nazo. Chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, pembe ya tandala ni nyara ya serikali, hata kama umeiokota chini ya mti, na kukutwa nayo bila kibali ni kesi. Kenya nako ni hivyo hivyo. Kila nchi ina desturi yake: huko Jackson, jimbo la Wyoming, Marekani, skauti huokota pembe zilizoanguka kwenye hifadhi ya elki, jamaa ya ayala, na kuziuza mnadani kila Mei, na sehemu kubwa ya fedha hurudi kwa wanyama. Kwetu hakuna mnada wala kuokota.

Pembe ya ng'ombe ni halali, ya bei nafuu, na machinjio yamejaa. Ila usiisome kama pembe ya ayala. Ya ayala ni mfupa na huanguka kila mwaka. Ya ng'ombe ni ganda la kucha lililovaa mfupa, haianguki, na ukitoa mfupa inabaki na uwazi ndani. Nayo ina faida moja ambayo naionea wivu: ikipata moto inalainika. Chonga mwisho wa pembe uwe mkubwa kuliko pete kwa unywele, uchovye kwenye maji yanayochemka kwa dakika kadhaa, kisha sukuma pete ikiwa pembe bado ya moto. Itajikunja yenyewe ndani ya pete na ikipoa itabaki na umbo hilo. Jaribu hilo na pembe ya ayala uone itakavyokudharau. Kipini bado weka, kwa sababu pembe ya ng'ombe nayo hunywa unyevu na kusinyaa.

Lakini kulainika huko ndiko kunakuzuia kuitumia karibu na bori. Weka angalau sentimita 4 za mti kati yake na moto. Na bori, kijana wangu, umelikalia. Kule Sinya, upande wa Tanzania wa bonde la Amboseli, kuna mirishamu, lile jiwe jeupe jepesi ambalo dunia nzima inalijua kutoka Eskişehir, Uturuki. Arusha palikuwa na kampuni, Tanganyika Meerschaum Corporation, iliyotengeneza viko vya jiwe hilo na kuviuza nje kwa jina la Kiko. Mpaka leo wakusanyaji wa Ulaya na Marekani wanavitafuta. Jiwe hilo halichomeki, linanywa unyevu wa moshi, na linachongeka kwa kisu likiwa bichi. Ukipata vipande vidogo visivyotosha bori zima, vikereze viwe kikombe cha ndani cha bori la mti. Gundi usiitie hapo. Kikombe kikae kwa kubanwa na mti.

Ukipiga msasa pembe yoyote, vaa barakoa na uloweshe kazi. Vumbi la mfupa na la pembe si la mapafu.

SWALI: Kaka fundi, mume wangu ni Mbavaria, amerithi kiko kirefu cha babu yake. Bori la kaure lenye picha ya ayala, chini yake kipande cha pembe, kisha mti mrefu, na pete za chuma cheupe kila kiungo. Pete zimeota ukijani na sehemu mbili haziachani. Jirani anasema nichovye kwenye siki na chumvi. Nataka kukitundika ukutani kabla ya Krismasi.
Msomaji wa Rosenheim

JIBU: Dada yangu, siki hiyo itie kwenye kachumbari. Tindikali huyeyusha kalisi ya mfupa. Loweka mfupa wa kuku kwenye siki siku chache utaweza kuupinda kwa vidole. Kipande cha pembe cha babu mkwe kitafanyiwa hivyo hivyo.

Hicho chuma cheupe kuna uwezekano mkubwa ni alpaka, mchanganyiko wa shaba nyekundu, nikeli na zinki, usio na fedha hata chembe licha ya rangi yake. Ukijani unatoka kwenye shaba. Ufute kwa kitambaa kikavu na kijiti cha mianzi kilichochongwa bapa, na uliobaki kwenye mstari wa pete uchukue kwa kitambaa chenye tone la mafuta mepesi ya mashine. Dawa za maji za kung'arisha chuma usizitumie, huingia chini ya pete na haziondoki. Kama pembe yenyewe imepata doa la kijani, liache. Limeingia ndani ya mfupa, na kila kinachoweza kulitoa kitatoa na mfupa.

Kufungua: usishike koleo. Tazama kwanza kipi kimeingia ndani ya kipi. Kama pembe ndiyo iliyoingia ndani ya chuma, weka kiko wiki moja kwenye chumba kikavu chenye joto la kawaida, mbali na hita. Pembe itasinyaa na kuachia. Kama chuma ndicho kilichoingia ndani ya pembe, fanya kinyume: kiweke siku mbili bafuni mnapoogea, pembe ivimbe na tundu lipanuke. Kisha zungusha, usivute. Zungusha kidogo kulia, kidogo kushoto, mikono yote miwili ikiwa karibu na kiungo. Viungo vya viko hivyo vilishikwa kwa uzi au koki, lile gamba la vizibo vya chupa, kwa hiyo ukisikia kitu kinakwaruza ndani usiogope, ni uzi mkavu.

Kikifunguka, toa uzi wa zamani, zungushia mpya wenye nta, na usikaze mpaka mwisho. Kisipofunguka kabla ya Krismasi, kitundike kilivyo.